Nani Atashika Kisu? Mwongozo wa Familia Kuchagua Daktari wa Kupasua Saratani ya Tumbo

Majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo kilichokatwa tumboni kwenda kupimwa, yanaporudi na kuthibitisha saratani ya tumbo, mazungumzo nyumbani huanza na pesa, yakaenda kwenye jina la hospitali, yakaishia kwenye nani atalala na mgonjwa. Swali la nani atashika kisu mara nyingi haliulizwi kabisa. Kumwuliza daktari bingwa amefanya upasuaji huu mara ngapi kunaonekana ni kumvunjia heshima, na wengi wetu tumelelewa kumwachia daktari kila kitu.

Mimi naamini swali hilo liulizwe, tena mapema. Kwa saratani hii, uzoefu wa mpasuaji na wa hospitali yake unagusa nafasi ya mgonjwa ya kutoka wodini akiwa hai, na pia nafasi yake ya kuishi miaka baada ya hapo. Hatua ya ugonjwa hatuichagui, wala umri wa mgonjwa. Mahali pa kupasuliwa mara nyingi tunaweza kupachagua.

Elewa kwanza kinachofanyika thieta

Tumbo ninalozungumzia hapa ni mfuko wa chakula, ule unaopokea chakula kutoka kwenye umio. Saratani ikiwa upande wa chini wa mfuko huo, daktari huondoa sehemu kubwa na kubakiza kipande cha juu. Ikiwa juu, au imeenea mfuko mzima, unaondolewa wote na umio unaunganishwa moja kwa moja na utumbo mdogo. Pamoja na mfuko huondolewa tezi za limfu, ambazo wengine huziita mitoki, kwa kuwa ndiko saratani inakokimbilia mwanzoni. Zikitolewa zile zilizoshikamana na mfuko tu, upasuaji huitwa D1. Daktari akiendelea hadi tezi zinazofuata mishipa ya damu inayokwenda kwenye ini na bandama, huitwa D2.

Ugumu uko kwenye D2. Tezi zile zimelala juu ya mishipa mikubwa, pembezoni mwa kongosho. Kongosho likijeruhiwa, maji yake huvuja na kuanza kumeng'enya nyama iliyo jirani. Mshono wa umio na utumbo ukivutika, au ukikosa damu ya kutosha, unaachia siku chache baadaye na uchafu unamwagika ndani. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoonekana kwa nje siku mgonjwa anapotoka thieta. Kidonda cha nje kinaweza kuwa safi kabisa.

Kwa nini mazoezi ya mkono yanahesabika

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka Ulaya, na ulitoka kwa uchungu. Kuanzia 1989 hadi 1993, hospitali 80 za Uholanzi zilishiriki jaribio la kulinganisha D1 na D2. Wajapani walikuwa wakifanya D2 kwa miaka mingi na matokeo mazuri, na daktari Mitsuru Sasako alitoka Tokyo kwenda kuwafundisha Waholanzi. Wagonjwa 711 walipasuliwa kwa lengo la kuponywa. Kati ya waliofanyiwa D1, asilimia 4 walifariki hospitalini. Kati ya waliofanyiwa D2, walifariki asilimia 10. Uingereza ilifanya jaribio linalofanana na hilo kwa wagonjwa 400, na huko vifo vya D2 vilifika asilimia 13, mara mbili ya vile vya D1.

Sasa tazama Japani. Katika jaribio lao lililofanyika kwenye hospitali 24, upasuaji wa kiwango cha D2 na hata ule uliokwenda mbali zaidi ulikuwa na vifo vya asilimia 0.8. Ili kushiriki, ilibidi daktari awe ameshaondoa mifuko ya chakula zaidi ya 100, au awe kwenye kituo maalumu kinachofanya zaidi ya 80 kwa mwaka.

Si haki kusema tofauti yote ilitokana na mikono. Wagonjwa wa Kijapani kwa wastani walikuwa wembamba zaidi na wenye magonjwa machache ya moyo. Huko Ulaya madaktari pia waliondoa bandama na mkia wa kongosho kwa wagonjwa wengi wa D2, na jambo hilo peke yake liliua watu. Leo halifanywi bila sababu maalumu. Lakini ukigawa wagonjwa 711 kwa hospitali 80 kwa miaka minne, unaona kila timu ilikuwa ikikutana na upasuaji huu mara chache tu kwa mwaka. Mwalimu aliyesimama pembeni kwa visa vya mwanzo hakutosha kuziba pengo hilo.

Baadaye Waitalia walirudia jaribio kwenye vituo vichache vyenye madaktari waliokwishafunzwa D2. Vifo vya D2 vilikuwa asilimia 2.2, na vya D1 asilimia 3.0. Hatari ile ilikuwa imetoweka. Na Waholanzi walipowafuatilia wagonjwa wao kwa miaka 15, waliona kwamba waliofariki kwa saratani yenyewe walikuwa asilimia 37 kwa kundi la D2 na asilimia 48 kwa kundi la D1. Kwa hiyo upasuaji mkubwa ulikuwa na faida ya kweli ya muda mrefu, ila faida hiyo iliwafikia wale tu waliovuka wiki za mwanzo. Naomba msomaji alishike hili, kwa sababu maswali yote yanayofuata yanatoka hapo.

Marekani nayo ilichunguza. Mwaka 2002 John Birkmeyer na wenzake walichapisha uchambuzi wa upasuaji milioni 2.5 wa aina 14, uliofanywa kwa wazee wenye Medicare, bima ya serikali ya huko. Kwa upasuaji wa kuondoa mfuko wa chakula, pengo la vifo kati ya hospitali zinazoufanya kwa nadra sana na zile zinazoufanya mara nyingi sana lilikuwa kati ya pointi 2 na 5 za asilimia. Denmark haikungoja zaidi: kuanzia 2003 upasuaji huu, uliokuwa umetawanyika kwenye hospitali zaidi ya 30, uliachiwa hospitali 5 tu, na vifo ndani ya siku 30 vilishuka kutoka asilimia 8.2 hadi 2.4. Uholanzi leo hairuhusu hospitali kufanya upasuaji huu kama haifikishi wagonjwa 20 kwa mwaka.

Usidanganyike na miaka ya kazi

Daktari mwenye miaka 25 kazini anaweza kuwa ameitumia miaka hiyo kwenye ngiri, kidole tumbo, tezi la shingo na ajali za bodaboda. Ni kazi za heshima zinazookoa watu kila siku. Hazimfundishi kusafisha tezi zinazouzunguka mshipa wa ini. Daktari wa miaka 38 aliyefunzwa kwenye kituo cha saratani, anayefanya upasuaji huu kila mwezi na mkubwa wake akiwa chumba cha pili, anaweza kuwa chaguo bora zaidi.

Shahada nayo ina kikomo chake. Shahada ya umahiri ya upasuaji, au ushirika wa COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999, inakuhakikishia kwamba daktari amefunzwa na amefaulu. Kamwe usimkabidhi mgonjwa mtu asiyesajiliwa. Tanzania Bara usajili uko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya uko kwa KMPDC, baraza la madaktari la huko. Ila idadi ya mifuko ya chakula aliyoiondoa mwaka jana haiandikwi kwenye cheti. Inabidi uiulize.

Hatua ya 1: Kamilisha vipimo kabla ya kutafuta kisu

Mpasuaji mzuri hawezi kukujibu lolote la maana bila majibu haya: ripoti ya endoskopia (kamera inayopitishwa mdomoni hadi kwenye mfuko wa chakula), majibu ya kinyama kutoka maabara ya patholojia, na kipimo cha CT (picha za kina za mionzi) cha kifua na tumbo. Beba ripoti, na beba picha zenyewe kwenye CD au filamu, maana daktari anayejua kazi atataka kuziangalia kwa macho yake. Wakati mwingine ataomba kwanza kuingiza kamera tumboni kupitia tundu dogo, kuona kama saratani imemwagika kwenye utando wa ndani, kwa sababu CT huwa haioni madoa madogo ya huko.

Kama saratani imeshafika kwenye ini au kwenye utando huo, kuondoa mfuko wa chakula kwa kawaida hakumwongezei mgonjwa maisha, na kunaweza kummalizia nguvu alizobaki nazo. Hapa uzoefu unaonekana kwa namna ambayo familia huipokea kwa shida: daktari aliyeona wengi anajua lini asipasue. Ukiambiwa "huyu hatumpasui, tunaanza kemo," yaani dawa za kuua saratani, usikimbilie kumtafuta mwingine atakayekubali kupasua. Omba maelezo, omba maoni ya daktari wa pili kwenye kituo kikubwa, kisha mwamue.

Dharura ni habari nyingine. Mgonjwa anayetapika damu nyingi, au ambaye mfuko umetoboka na tumbo limekuwa gumu kama ubao, anapelekwa hospitali ya karibu saa hiyo hiyo. Kazi ya hapo ni kuokoa maisha. Mambo ya tezi na D2 yatazungumzwa akishatulia, na rufaa itaandikwa baadaye.

Hatua ya 2: Tafuta mahali upasuaji huu unapofanyika mara kwa mara

Hospitali zetu kwa kawaida hazitangazi idadi ya upasuaji wala vifo, hivyo kazi hii ni ya kuulizia. Tanzania, pa kuanzia ni Muhimbili Dar es Salaam, KCMC Moshi na Bugando Mwanza, huku Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, ikishika kemo na mionzi. Kenya kuna Hospitali ya Kenyatta, Moi ya Eldoret, na Tenwek ya Bomet ambayo imejijengea jina kwa kutibu saratani za umio. Uganda ni Mulago na Taasisi ya Saratani Kampala. Rwanda, kituo cha Butaro kilichofunguliwa 2012 kimepokea wagonjwa wengi wa saratani. Siyapangi majina haya kwa ubora. Ni milango ya kubisha.

Njia nzuri ya kupata jina la mtu ni kuwauliza wanaoona matokeo. Daktari wa kemo huwapokea wagonjwa wakishapasuliwa, anajua wagonjwa wa mpasuaji yupi wanafika wakiwa na nguvu na ripoti kamili. Anayefanya endoskopia anajua anampelekea nani ndugu yake mwenyewe. Muuguzi wa wodi ya upasuaji anajua zaidi ya wote, ingawa hatakwambia kwa sauti kubwa.

Familia zenye uwezo hufikiria India. Zipo hospitali kubwa kweli huko, Tata Memorial ya Mumbai ikiwa mojawapo, na idadi yao ya wagonjwa hatuifikii. Lakini uliza maswali yale yale, kwa sababu India pia ina hospitali za kila kiwango, na dalali wa safari hana jibu la swali la nani atashika kisu. Kabla ya kukata tiketi, hakikisha umepata daktari wa hapa nyumbani aliyekubali kumpokea mgonjwa akirudi.

Hatua ya 3: Uliza, na uulize hivi

Nenda watu wawili, mmoja aulize na mwingine aandike. Salimia, mshukuru daktari kwa muda wake, kisha sema wazi kwamba mnataka kuelewa. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mama, karibuni. Huyu ndiye mzee?"

"Ndiyo daktari, ni baba yetu. Tumeelewa kwamba anahitaji kuondolewa mfuko wa chakula. Tulikuwa tunaomba kujua, hapa hospitalini upasuaji huu mnaufanya mara ngapi kwa mwaka?"

"Mwaka jana tulifanya kama 25. Mimi nilikuwepo kwenye 18."

"Ahsante sana. Na hao 25 waliendeleaje?"

Hapo nyamaza umwache aseme. Daktari anayejua namba zake huzitaja bila kusitasita, pamoja na zile mbaya: wawili mshono ulivuja, mmoja tulimrudisha thieta, mmoja tulimpoteza. Mimi namwamini zaidi huyo kuliko anayesema wote walipona. Akikasirika, usimhukumu haraka, huenda ana wagonjwa 60 wanaomngoja nje. Rudia kwa upole. Akikataa kabisa kujibu, au akijibu tu kwamba yeye ni mzoefu, una haki ya kwenda kutafuta maoni mengine, na hakuna adabu iliyovunjwa.

Ukishazipata namba, zipime kwa akili. Asiyepoteza mgonjwa kati ya 6 hajaonyesha kwamba ni bora kuliko aliyepoteza 2 kati ya 60. 6 ni wachache mno kukuambia chochote. Na daktari anayepokea wagonjwa waliochoka, waliokataliwa kwingine, atakuwa na vifo zaidi bila kuwa na mkono mbaya. Mwulize, "Mgonjwa kama huyu wetu, wa umri huu na hali hii, wanaendaje?"

Maswali mengine yasikose. Nani hasa atapasua? Hospitali za rufaa ni vyuo, na daktari anayesomea ubingwa atakuwa mezani. Hilo si baya hata kidogo, ndivyo mabingwa wanavyopatikana. Unachotaka kusikia ni kwamba mkuu wake atakuwa amevaa glavu naye mezani kwa sehemu ngumu. Mtaondoa tezi kwa kiwango gani, na maabara kwa kawaida inahesabu ngapi? Mgonjwa wetu amejadiliwa kwenye kikao cha pamoja cha mpasuaji, daktari wa kemo, wa picha na wa patholojia? Swali hili la mwisho lina uzito, kwa sababu wagonjwa wengi hufaidika na kemo inayoanza kabla ya kisu na kuendelea baada yake. Jaribio la Ujerumani lililochapishwa 2019 lilionyesha kwamba mchanganyiko wa dawa uitwao FLOT, ukitolewa hivyo, uliongeza muda wa kati wa kuishi (ule ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka) hadi miezi 50, kutoka miezi 35 ya mchanganyiko wa zamani. Daktari anayetaka kupasua kesho asubuhi bila kumshirikisha mwenzake wa kemo aulizwe sababu. Huenda anayo nzuri, kama damu inayoendelea kutoka au mfuko ulioziba.

Mkiambiwa upasuaji utafanywa kwa matundu madogo na kamera, swali la idadi linakuwa zito zaidi. Madaktari wenyewe hutaja upasuaji kati ya 40 na 60 kabla mkono haujatulia kwenye njia hiyo. Korea Kusini walipopima njia hii kwa saratani iliyoingia ndani zaidi, hawakumruhusu daktari kushiriki mpaka awe amefanya angalau 50 kwa kamera na 50 kwa njia ya wazi, na awe amewasilisha video zisizohaririwa zikaguliwe na wenzake. Kidonda kidogo kinapendeza na mgonjwa huinuka mapema. Lakini kama mpasuaji wenu ni hodari wa njia ya wazi na ndiyo kwanza anaanza kamera, chagueni njia ya wazi.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu usiku

Uzoefu hauishi kwenye vidole vya mtu mmoja. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walilinganisha hospitali zenye vifo vichache baada ya upasuaji na zenye vifo vingi. Wagonjwa waliopata matatizo walikuwa karibu sawa, asilimia 24.6 na 26.9. Lakini walipopata tatizo kubwa, katika hospitali nzuri walifariki asilimia 12.5, katika zile nyingine asilimia 21.4. Tofauti ilikuwa kwenye kuligundua tatizo na kuwahi kulitibu.

Kwa bara letu jambo hili ni kubwa zaidi. Utafiti wa upasuaji Afrika uliochapishwa 2018, uliohusisha hospitali 247 katika nchi 25, ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 239 waliofariki, 225 walifariki siku zilizofuata baada ya ile ya upasuaji. Walivuka thieta, wakapotelea wodini.

Kwa hiyo uliza bila haya: mgonjwa wetu akitoka thieta analala ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, au wodi ya kawaida? Muuguzi mmoja wa usiku anaangalia wagonjwa wangapi? Saa nane za usiku akibadilika, ni daktari gani anaitwa, na yuko ndani ya hospitali au nyumbani? Damu ipo, au tutafute wachangiaji kabla? CT inafanya kazi siku za mwisho wa wiki? Daktari wa usingizi anapatikana usiku kama akihitaji kurudishwa mezani? Hospitali inayopasua wagonjwa wengi wa aina hii huwa na majibu tayari, kwa kuwa yameshawahi kuwafika.

Hatua ya 5: Mwandae mgonjwa wenu

Hata mkono bora unashonea kwenye nyama anayoileta mgonjwa. Aache sigara leo, asingoje tarehe. Kama amepungua sana au chakula hakipiti, mwombeni daktari mpango wa lishe kabla ya upasuaji. Wakati mwingine huwekewa mrija wa kumlisha kwa wiki mbili tatu. Upungufu wa damu, sukari na presha virekebishwe. Atembee kila siku na afanye mazoezi ya kuvuta pumzi kwa kina, kwani nimonia ni adui mkubwa baada ya kupasuliwa tumbo la juu.

Hatua ya 6: Siku kumi za kukesha

Mshono unaovuja kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya tatu na ya kumi. Anayemhudumia mgonjwa awe na daftari na aandike mambo haya asubuhi na jioni: mapigo ya moyo, joto, anavyopumua, na rangi ya majimaji kwenye mrija uliotokea ubavuni. Mapigo yanayopanda na kubaki juu ya 100 akiwa amelala ni ishara ya kuripoti hata kama hana homa. Majimaji yaliyokuwa ya rangi ya maji ya nyama yakigeuka kijani, kahawia yenye tope au yakaanza kunuka, usingoje raundi ya asubuhi. Vivyo hivyo akianza kuhema, akilalamika maumivu mapya ya bega au kifua, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka.

Mwambie muuguzi kwa namba: "Dada, jana jioni mapigo yalikuwa 88, sasa ni 118, na mrija umebadilika rangi tangu saa nne. Naomba daktari wa zamu aje amwone." Maneno kama hayo yanamwamsha daktari haraka kuliko "mgonjwa hajisikii vizuri."

Na jambo moja nawasihi ndugu wote wanaokuja kutazama mgonjwa. Msimpe chochote mdomoni mpaka daktari aruhusu. Shangazi anaingia na chupa ya uji wa lishe kifuani, anamwonea huruma kaka yake mwenye midomo mikavu, anamnywesha vikombe viwili nesi akiwa upande wa pili wa wodi. Ana mapenzi ya kweli. Lakini uji ule unapita juu ya mshono wa siku mbili, na kama kuna sehemu dhaifu, unaitafuta. Mlowanishieni midomo kwa pamba yenye maji. Mtu mmoja wa familia apewe mamlaka ya kusema hapana, na wakubwa wamheshimu.

Hatua ya 7: Isome ripoti ya maabara

Wiki mbili au zaidi baadaye itarudi ripoti ya patholojia ya kilichoondolewa. Omba nakala. Tafuta sehemu mbili. Ya kwanza ni kingo: kama kingo za kipande kilichotolewa hazina saratani, ni habari njema. Ya pili ni hesabu ya tezi, ambayo huandikwa mfano 4/22, maana yake tezi 22 zilipatikana na 4 zina saratani. Kipimo kinachokubalika ni angalau tezi 15 au 16 kuchunguzwa ili hatua ya ugonjwa ijulikane kwa uhakika. Ripoti ikionyesha 0/5, usisherehekee bado. Tano ni chache, na huenda zenye ugonjwa hazikuhesabiwa. Wakati mwingine mpasuaji alizitoa lakini maabara haikuzitafuta kwenye mafuta. Mwulizeni daktari kama kipande kinaweza kuchunguzwa tena. Jibu hilo linaweza kubadilisha uamuzi wa kemo.

Umbali, pesa na muda

Najua familia nyingi zinasoma haya zikiwa na nauli ya kuunga. Kama hospitali ya mkoa wenu inafanya upasuaji huu mmoja au wawili kwa mwaka, na kuna kituo kinachofanya 20 na zaidi mnachoweza kukifikia kwa basi la usiku, uamuzi wangu ni kusafiri. Wiki chache za kupanga safari kwa kawaida hazimharibii mgonjwa asiyevuja damu. Miezi mitatu ya kungoja foleni bila matibabu yoyote inaweza. Kituo kikubwa kikitoa tarehe ya mbali, ombeni kemo ianze wakati mnangoja, na mara nyingi kemo hiyo inaweza kutolewa karibu zaidi na nyumbani.

Wenye bima wafuate ngazi za rufaa kabla ya kusafiri, yaani bima ya afya ya taifa: NHIF kwa Tanzania, na kwa Kenya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF yao Oktoba 2024. Karatasi ya rufaa iandikwe jina la upasuaji unaohitajika, si "matibabu zaidi" tu, ili msirudishwe dirishani. Na kama hakuna namna ya kusafiri, muombeni mpasuaji wa mkoani awasiliane na mwenzake wa kituo kikubwa. Wapo wanaokubali kuja kupasua pamoja, na wapo wanaosoma picha za CT kwa simu na kutoa ushauri. Daktari anayekubali kuomba msaada anastahili heshima kubwa kutoka kwenu.

Mkiruhusiwa kurudi nyumbani

Kabla ya kutoka, chukueni nakala ya karatasi ya upasuaji inayoeleza nini kilitolewa na nini kiliunganishwa na nini. Ipigeni picha, itunzwe kwenye simu za watu wawili. Mgonjwa akiugua tumbo usiku miaka miwili baadaye, daktari wa wilayani ataihitaji.

Chakula kiwe kidogo kidogo, mara sita kwa siku, kitafunwe sana, na vinywaji vitenganishwe na mlo. Akitoka jasho na moyo kumwenda mbio baada ya chai yenye sukari nyingi, ni chakula kimeshuka haraka kwenye utumbo. Punguzeni sukari, na apumzike kidogo baada ya kula. Aliyeondolewa mfuko wote hawezi tena kufyonza vitamini B12 kutoka kwenye chakula kama kawaida, na akiba ya mwili huisha taratibu kwa miaka, kwa hiyo atahitaji sindano zake maisha yote, kila mwezi au kila miezi mitatu kulingana na utaratibu wa kliniki. Mwombeni daktari aiandike kwenye kadi ya mgonjwa kabla hamjaondoka wodini, pamoja na tarehe ya sindano ya kwanza.